Imesoma Ngapi? Muulize Fundi Kabla Hujatoa Pesa

Leo nitawaudhi mafundi, na nitawaudhi nyinyi wenye kwadi pia. Mkimaliza kusoma mnitukane, lakini someni kwanza.

Huku kwetu, kuanzia Malindi mjini mpaka Mambrui na Marafa, kwadi ikikataa kuwaka jibu ni moja tu: "Koili imekufa hiyo." Fundi hajafungua kitu, hajashika mita. Ameinama, ameangalia injini, amekuna kichwa, basi. Dakika tano baadaye ushatumwa dukani. Bana, hiyo ni ramli, na ramli ya bei ghali.

Disemba iliyopita binamu yangu alikuwa akizungusha wageni kwenye michanga ya Mambrui. Kwadi si yake, ana tajiri, na kila jioni lazima apeleke hesabu kama mtu wa boda. Wiki ya Krismasi, watu wa Nairobi wamejaa, kwadi ikazimika na ikagoma kabisa. Fundi akasema koili. Binamu akanunua, shilingi 2,500. Haikuwaka. Fundi akasema hiyo ni feki, leta nyingine. Akakopa, akaleta. Haikuwaka. Sasa ikawa ni CDI. Siku ya nne tajiri akachoka, akachukua kwadi yake akampa kijana mwingine.

Kumbe shida ilikuwa nini? Swichi ya kuzimia, pale pale kwenye usukani. Maji ya chumvi yaliingia, shaba ikaota kijani, ikawa inapiga shoti kwenye bodi muda wote. Yaani injini ilikuwa inazimwa hata kabla haijawaka. Fundi wa yule kijana mwingine alichomoa waya mmoja wa swichi, cheche ikaruka. Waya mmoja! Binamu yangu alipoteza kazi kwa sababu ya waya ambao kuuchomoa ni bure.

Ile koili ya zamani aliniletea nyumbani. Nikaipima. Nzima kabisa.

Na kupima kwenyewe si uchawi. Ndani ya koili kuna nyaya mbili zilizozungushwa: moja nene yenye mizunguko michache, nyingine nyembamba kama unywele yenye mizunguko maelfu. Umeme ukipigwa ghafla upande wa kwanza, upande wa pili unatoa volti maelfu, na hiyo ndiyo cheche yako.

Sasa fanya hivi. Injini iwe imezimwa, nyaya za koili zimechomolewa. Weka mita kwenye omu. Gusanisha ncha zake mbili uone zenyewe zinasoma ngapi, kisha uitoe hiyo kwenye hesabu. Upande wa kwanza, kwadi ndogo nyingi zinasoma chini ya omu 1 au hapo karibu. Upande wa pili, zungusha kofia ya plagi uitoe, halafu pima kutoka kwenye ule waya mnene mpaka kwenye chuma cha koili: nyingi zinasoma omu elfu kadhaa. Kofia ipime peke yake, nyingi ni karibu omu 5,000. Namba kamili ya kwadi yako iko kwenye kitabu chake. Mita ikionyesha hakuna njia kabisa, waya umekatika ndani. Hapo nenda dukani, na uende roho safi.

Ikisoma vizuri, usinunue kitu. Chomoa waya wa swichi ya kuzimia ujaribu. Angalia bolti ya koili, maana koili nyingi hupata bodi kupitia hapo, na hewa yetu ya baharini inakula chuma mchana na usiku. Piga msasa, kaza. Halafu toa plagi, iweke kwenye kofia yake, ilaze kwenye chuma cha injini mbali na petroli na mbali na lile tundu la plagi, piga stata uangalie cheche. Usiishike kwa mkono, itakufunza adabu.

Najua mafundi mtasema, "Sisi tuna miaka 20 kazini, mita haioni kila kitu." Kweli, haioni. Kuna koili inasoma vizuri ikiwa baridi, ikipata joto inakufa. Lakini hata hiyo ina kipimo: azima koili ya aina hiyo hiyo kwenye kwadi inayowaka, fungia, zunguka nayo mpaka ipate moto. Uzoefu wa kweli ni kujua upime nini kwanza. Kukisia kwa miaka 20 kunabaki kukisia.

Na msiniambie eti haya ni mambo ya wasomi. Mimi niliacha chuo, nyote mnajua. Huyo Michael Faraday aliyegundua mwaka 1831 kile kinachofanya koili ifanye kazi hakuwahi kukaa chuo kikuu. Alianza maisha akijifunza kufunga vitabu London. Alipima, akarudia, akaandika alichokiona.

Sasa zamu yetu wateja, maana sisi ndio tuliowaharibu mafundi. Fundi akikwambia, "Nipe 200 nipime kwanza," unamwita mwizi. Akikwambia, "Leta koili ya 2,500," unakimbia dukani. Tunalipia chuma, hatulipii akili. Sasa fundi apime kwa faida gani? Anapata njaa akisema ukweli, anapata mkono wa duka akikisia. Mwisho wa siku anayelia ni kijana mwenye hesabu ya jioni.

Kwa hiyo mwezi huu, kabla msimu haujaanza, changeni wenye kwadi wanne watano mnunue mita moja ya bei rahisi. Lipeni fundi pesa ya kupima, hata kama hajabadilisha kitu, hasa kama hajabadilisha kitu. Na siku atakapokwambia koili imekufa, usibishane naye, usimvunjie heshima. Muulize tu kwa upole: "Fundi, imesoma ngapi?"

Akikosa namba, usitoe pesa.