Nimeacha Kuiba Windows

Leo naungama.

Usiku mmoja nilikuwa naandika habari ya dhahabu inayotoroshwa bila kulipiwa mrabaha. Nimeshapanga aya kali ya kuwasema wanaochukua kisicho chao. Nikainua macho, pembeni chini ya skrini kuna maneno yale yale ya siku zote: Activate Windows. Kwa Kiswahili cha mtaani, "wewe nawe hujalipa."

Ndiyo, Windows yangu ilikuwa ya wizi. Nilipigiwa na fundi mjini, kama wengi wenu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na nyimbo. Msanii akiibiwa wimbo tunalia naye. Programu ikiibiwa tunauliza tu fundi anachukua shilingi ngapi.

Lakini aibu siyo iliyonihamisha. Kilichonihamisha ni hofu. Ndani ya kompyuta ile kulikuwa na majina ya wachimbaji wadogo walioongea nami kwa sharti la kutotajwa. Niliwaahidi siri, kisha nikaihifadhi siri yao kwenye mashine ambayo matumbo yake yametengenezwa na mtu nisiyemjua. Aliyevunja kufuli la programu anashindwaje kuacha na dirisha wazi?

Tena tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida kwa Windows 10. Laptopu yangu ni kuukuu, haina sifa za kubeba Windows 11. Kununua nyingine kwa mshahara wa ripota? Tuache utani.

Nikageukia programu huria. Huria siyo bure tu. Maana yake msimbo wake uko wazi: yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuubadili na kuugawa. Linux ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini akaleta Ubuntu, neno ambalo ni ndugu wa "utu" wetu. Na mwaka huo huo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Yaani tulikuwa jikoni tunapika. Halafu wengi wetu tukarudi kudokoa vya jirani.

Mimi nilichagua Linux Mint, toleo la Xfce, kwa sababu ni jepesi na menyu yake iko kona ile ile niliyoizoea. Faili lake linakaribia GB 3, kwa hiyo nililipakua kwa bando la usiku. Nikaliandika kwenye flashi ya GB 8, nikaiwasha kompyuta kupitia flashi hiyo na kuijaribu Mint bila kugusa diski. Waifai, sauti, kibodi, vyote vikaitika. Ndipo nikahamisha kazi zangu kwenye diski ya nje na kusimika. Wakati wa kusimika nikachagua diski nzima ifungwe kwa nywila. Laptopu ikiibiwa, mwizi atabaki na chuma. Nami nikisahau nywila, nitabaki na chuma vilevile.

Angalizo: kama betri yako imekufa kama yangu, usianze siku ambayo umeme unachezacheza.

Sitawadanganya kwamba ni pepo. Nyaraka za Word nikizifungua kwenye LibreOffice, majedwali mengine yanahama. Ukikwama, fundi wa jirani huenda akakutazama kama umemletea ndege. Na Linux haimkingi mtu anayebofya kila kiungo anachotumiwa. Ila masasisho yanakuja bila mimi kujificha, na ninajua programu yangu imetoka wapi.

Rafiki yangu ananiambia, "Bwana, Kahama nzima inatumia za wizi, wewe nani?" Mimi ni mtu aliyeahidi siri za watu. Daktari, mwanasheria, mhasibu, nawe una siri za watu kwenye kompyuta yako. Kabla hujampelekea fundi, muulize nakala yake ameitoa wapi. Akicheka, nunua flashi.