Bustani ya Nyumbani: Mche na Chombo Chake

Kijana mmoja wa Mafinga ametuletea swali ambalo twaona lafaa kujibiwa mbele ya wote. Yeye na nduguye walipanda miparachichi kumi na miwili nyuma ya nyumba ya mama yao, wakitumaini kwamba matunda yake yatamsaidia mama huyo katika matumizi yake. Sasa ni mwaka wa tatu, na miti haikui wala haifi. Majani yamekuwa manjano, na upepo wa Agosti umeilaza miwili. Auliza: ainunulie dawa gani?

Jawabu letu ni kwamba asinunue dawa yo yote kwanza. Na aufukue mmoja katika hiyo iliyolala, autazame mizizi yake.

Twasema hivi kwa kuwa jambo hili lilitupata sisi wenyewe. Tulinunua miche katika kitalu kimoja cha kando ya barabara, nayo ilikuwa mirefu yenye majani tele. Tukafurahi, maana ilikuwa mikubwa kuliko ya jirani zetu na bei ni ile ile. Hatukujiuliza imekaa humo kwa muda gani. Baada ya miaka mitatu tuling'oa mmoja, tukakuta mzizi mkuu umejizungusha kama kamba iliyokunjwa, kwa umbo lile lile la kiriba ulichokaa udogoni. Mti ulikuwa ukijinyonga chini ya ardhi, ilhali sisi juu twaumwagia samadi.

Sababu yake ni hii. Mzizi ukifika kwenye ukuta wa chombo hausimami, bali hugeuka na kuufuata ukuta. Ukiwa mchanga waweza kunyoshwa au kukatwa, nao ukachipua mwingine. Lakini ukishakuwa mgumu kama ubao, hata ukiutia katika shimo la futi mbili utaendelea kuzunguka pale pale. Na mparachichi una mzizi mkuu uendao chini moja kwa moja. Kwa hiyo wahitaji chombo chenye kina kuliko chombo kipana. Kiriba cha inchi 9 hadi 12 kwenda chini chafaa. Kile kifupi kitumiwacho kwa misonobari ya Sao Hill hakifai, maana msonobari hukaa humo miezi michache tu kisha hupelekwa shambani, ilhali mparachichi hauna budi kungoja mpaka shina linenepe kama penseli, ubebeshwe, na kikonyo kishike.

Hapa ndipo wengi hukosea. Mnunuzi huuliza kama kikonyo ni cha Hass, ile aina iliyotokana na mti wa Rudolph Hass huko California, ambaye alipata hati yake mwaka 1935. Ni swali jema. Lakini Hass iko juu. Ulioshika ardhi ni mzizi wa mbegu nyingine, na huo hakuna aulizaye habari zake.

Wako nao wanaokimbilia upande wa pili, wakautia mche wa vidole vitatu ndani ya ndoo nzima ili wasihangaike tena. Hilo nalo lina hasara. Udongo usiofikiwa na mizizi hukaa na maji, ukachacha, na mzizi wa mparachichi huoza upesi katika maji yaliyotuama. Kule Tukuyu, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, jambo hili huua miche mingi. Iringa mjini, penye ukavu na upepo, taabu ni kinyume: kopo dogo hukauka kabla ya adhuhuri. Basi ukihamisha, chombo kipya kizidi cha kwanza kwa vidole viwili kila upande, si zaidi. Na kiwe na matundu chini. Vyungu vya Wakisi viuzwavyo Matema ni vizuri mno kwa kuwa udongo wake wapitisha hewa, lakini vimefinyangwa kwa kupikia, havina tundu. Kitoboe polepole kwa msumari kikiwa kimelowa, na ukubali kwamba kimoja kitapasuka.

Wakati wa kuhamisha hauhesabiwi kwa siku tu. Mwagilia mche jioni, na asubuhi uupindue taratibu juu ya kiganja. Udongo ukimwagika, mche bado, urudishe. Ukitoka kwa pamoja, na ncha nyeupe za mizizi zaonekana pembeni, wakati umefika. Ukiona mizizi ya kahawia imezunguka chini, umechelewa: kata unene wa kidole kimoja cha udongo wa chini kwa wembe, uchane na pembeni, kisha upande siku hiyo hiyo. Usiushike shinani. Mahali ulipobebeshwa pasifunikwe na udongo.

Shambani, nyanda hizi zetu zina msimu mmoja wa mvua. Iringa yafaa kupanda Desemba, au Januari mapema, ili mizizi ishuke kabla ya mvua kukatika Aprili au Mei. Rungwe waweza kuchelewa kidogo. Kwa Mufindi asipande mtu mche mchanga kuelekea Juni, kwa sababu baridi ya Juni na Julai huleta sakitu iunguzayo majani. Na wiki tatu kabla ya kupanda, punguza kivuli cha kitalu kidogo kidogo, mche uzoee jua.

Tumrudie kijana wetu. Ile miti kumi iliyosimama aitikise shinani siku ya mvua. Ulio imara na auache. Unaoyumba kama jino bovu asiuhurumie. Ang'oe, na Desemba apande mwingine. Akienda kununua, amwombe mwenye kitalu afungue kiriba kimoja mbele yake, naye akilipie hata kama mche hautamfaa, kwani bei ya mche mmoja ni ndogo kuliko miaka mitatu. Muuzaji akikataa, na aende kwa mwingine. Sisi katika miti yetu kumi na minane tulibakiza mitano.