Wasee, bata bukini si nyama ya bure

Tuongee kuhusu yule bata mkubwa wa kahawia mwenye doa jeusi-jeusi machoni kama amevaa miwani. Wengi humwita tu "bata wa porini". Ni bata bukini wa Misri, na licha ya jina, Afrika hii yetu ni kwao. Ulaya alipelekwa kama pambo la bustani za matajiri, akatoroka, na 2017 Umoja wa Ulaya ukamweka kwenye orodha ya wavamizi. Huku sisi ndio tunamfukuza kwake.

Maisha yake ni simpo. Mchana anachunga nyasi kama ng'ombe, usiku analala karibu na maji. Anataga kwenye shimo la mti, kiota cha zamani cha ndege mwingine, hata juu ya kichuguu. Akihama kidimbwi kimoja hadi kingine anabeba mbegu tumboni na kwenye matope ya miguu. Kinyesi chake ni mbolea. Anapanda mimea na hatumlipi hata bob.

Sasa ona Masara. Hapa watu wanachimba dhahabu, na zebaki ndiyo inaikamata dhahabu kwenye mchanga. Silaumu wachimbaji, wanatafuta fiizi na unga. Lakini mvua ikinyesha, uchafu unateremka mitoni. Mto Migori unaingia Kuja, na Kuja inamwagika Ziwa Victoria kule Nyatike. Zebaki ikifika kwenye tope la kinamasi, bakteria huibadilisha kuwa sumu kali zaidi, inapanda kwa samaki, halafu kwa sahani yako.

Wenye wanasema kinamasi ni shamba linalokaa bure, wacheni. Mafunjo na matete hukamata tope kabla halijafika ziwani. Ukiyafyeka na kuyachoma, umefukuza bata na umetoa chujio.

Na kuhusu kitoweo: kule Bunyala, Busia, watu waliwahi kutega ndege kwa dawa ya Furadan kisha wakauza nyama. Mlaji anajuaje bata wake alikufa kwa nini? Maze, nyama ya bei ya chini inaweza kuwa ghali sana.

Msimamo wangu: wachimbaji wapewe njia za kutoa dhahabu bila zebaki, na kinamasi cha Kuja kiachwe na mafunjo yake. Mahali bata bukini anakataa kulala, usitume mtoto kuchota maji.

Mara ya mwisho ulimwona wapi? Andika hapo chini, taja na mto.