Mtaji wa kuanza upo, wa kungoja haupo

Neno "jiajiri" limekuwa kama salamu hapa kwetu. Kijana akimaliza chuo aambiwa ajiajiri. Akiachishwa kazi kwenye bohari Changamwe aambiwa ajiajiri. Mwanamke akiachwa na watoto watatu, naye aambiwa afungue biashara. Wanasiasa hulisema mikutanoni, na hata kwenye mimbari tumelisikia. Wala si neno baya. Tatizo ni kwamba mwenye kulisema huwa amehesabu upande mmoja tu wa pesa.

Tuchukue mfano wa mtu anayetaka kuuza viazi karai na bhajia pale Mlaleo, Kisauni. Atapiga hesabu ya karai, jiko, mafuta, unga wa dengu, gunia la viazi kutoka Kongowea, meza na mwavuli. Tuseme vyote vimgharimu shilingi 15,000. Akizipata, kwa ndugu au zamu yake ya mchezo ikifika, huona biashara imeanza. Haijaanza. Biashara huanza siku ile mauzo ya leo yanapotosha kununua viazi vya kesho na bado ikabaki ya kodi ya nyumba. Kufika hapo huchukua miezi, na katika miezi hiyo mwenye meza anakula, watoto wanataka ada ya madrasa na ya shule, na nyanya yao Kwale amepiga simu kuwa ana homa. Pesa za hayo yote zatoka wapi? Zatoka kwenye lile lile karai. Wiki ya tatu mafuta yananunuliwa ya nusu lita. Wiki ya sita viazi vinakopwa. Mwezi wa tatu meza iko pale pale lakini mtu hayupo, na majirani wanasema amepigwa jicho. Mimi nasema alikuwa na mtaji wa kuanza, hakuwa na mtaji wa kungoja.

Serikali nayo, ilipozindua Hustler Fund tarehe 30 Novemba 2022, iliutazama huo mtaji wa kuanza peke yake. Mkopo wa mtu binafsi ulikuwa kati ya shilingi 500 na 50,000, riba asilimia 8 kwa mwaka, kulipa ndani ya siku 14. Kelele nyingi zilikuwa juu ya udogo wa pesa zenyewe. Mimi kilichonishtua ni zile siku 14. Kwa mtu ambaye biashara yake ishasimama, anayenunua samaki alfajiri na kumaliza kuuza magharibi, siku 14 zatosha na zabaki. Kwa anayeanza, wiki mbili ndiyo muda wa watu wa mtaani kujua tu kwamba yupo. Siku ya 14 ikifika hana faida ya kulipia, basi hulipa kwa mtaji, au huchukua Fuliza akaziba deni kwa deni.

Na riba, hata iwe ndogo vipi, kwetu Waislamu ni riba. Wapo wanaosema hicho ni kisingizio cha watu wa Pwani kukaa barazani. Waje wamwambie hivyo mama aliyekataa mkopo wa simu akaamua kuuza bangili yake ya dhahabu. Benki zinazofuata sharia zipo nchini tangu 2008, zilipofungua Gulf African Bank na First Community Bank, lakini muuza bhajia hana karatasi za kumfikisha kwenye meza ya afisa wa mikopo. Uwezo Fund haitozi riba, inachukua ada ya asilimia 3, ila hutolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa. Mtu na karai lake peke yake hayumo.

Tukivuka kuelekea Changamwe, Magongo na Miritini, kuna swali jingine ambalo mwenye kuanza huwa halipi uzito: mteja wako naye pesa zake anazipata wapi? Sehemu kubwa ya biashara ndogo za upande ule hula kwenye sahani ya bandari. Mabanda ya chakula, mafundi wa lori, waziba pancha, wenye vyumba vya kulala madereva, hata muuza miswaki na kofia, wote wateja wao wanafuata kontena. Agosti 2019 ilipotoka amri kwamba mizigo inayoingia nchini isafirishwe kwa reli ya SGR hadi Nairobi, watu wa Mombasa waliingia barabarani kuandamana, na wengi waliodhurika hawakuwa na lori hata moja. Mpika chakula hakukosea pishi. Aliowapikia ndio walioondoka. Rais Ruto alitangaza kurudisha shughuli za kutoa mizigo Mombasa siku alipoapishwa, 13 Septemba 2022. Hiyo ni miaka mitatu, na hakuna banda la chakula linaloweza kungoja miaka mitatu.

Likoni nako riziki inafuata miguu ya watu. Daraja linaloelea la Liwatoni lilipofunguliwa kwa waendao kwa miguu Januari 2021, kupunguza msongamano feri wakati wa korona, aliyekuwa akiuza kahawa na mahamri kwenye njia ya feri alilazimika kujiuliza upya wapi pa kuketi. Mwenye akiba huhamisha meza na kungoja wateja wapya wamzoee. Asiye nayo hurudi nyumbani.

Nije kwenye jambo ambalo tunalijua sote na hatupendi kulisema, nalo ni deni la mtaani. Mtoto huja dukani asubuhi: "Ami, mama amesema nipe mkate na maziwa, umwandikie." Ami hawezi kukataa, maana huyo mama ni jirani, na pengine ni mtu wa nyumba moja na mkewe. Kuandika nako huona haya, asije akaonekana hamwamini. Ajabu ni kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandika deni, na inatwambia tusichoke kuliandika likiwa dogo au kubwa. Tumeifanya adabu kuliacha. Duka la mtaani likifungwa, tazama kwenye rafu zake: bidhaa hazipo, ziliuzwa zote. Pesa ndizo ambazo hazikurudi.

Kodi nitaitaja kwa ufupi. Tangu Julai 2023 kodi ya mauzo ni asilimia 3, kwa mwenye kuuza zaidi ya shilingi milioni 1 kwa mwaka. Wengi hudhani hao ni matajiri. Duka linalouza 3,000 kwa siku bila kufunga linafika 1,095,000 kwa mwaka. Ikiwa faida yake ni shilingi 300 kwa siku, kodi ni 90, kwa sababu inakatwa kwenye mauzo, haiulizi faida. Na hapo hujaweka leseni ya kaunti, wala cheti cha afya kwa anayeuza chakula.

Sasa, mtaji wa kungoja utatoka wapi? Sioni ukitoka Nairobi. Naona uko karibu zaidi, kwenye zaka zetu. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alifanya biashara kwa mali ya Bibi Khadija, mmoja akitoa mali na mwingine kazi, faida wakigawana. Na sisi Mashafi vitabu vyetu vya fiqhi viko wazi kwamba fukara mwenye kujua biashara apewe katika zaka mtaji wa kumtosha kwa biashara ile. Wanazuoni walifika hadi ya kutaja viwango vya zama zao: muuza mboga dirhamu 5, mwoka mikate 50, muuza vito 10,000. Lakini kila Ramadhani, kutoka Mtongwe hadi Bamburi, tunagawa unga, mchele na mafuta ya kupikia kwa foleni, na mwakani tunawakuta watu wale wale kwenye foleni ile ile. Kamati ya msikiti ingechagua watu 5 badala ya 100, ikampa kila mmoja karai lake pamoja na kodi ya nyumba ya miezi 6, na ikamteua mzee wa mtaa mwenye duka awe akipitia daftari lake kila Ijumaa baada ya swala.