Mkate wa fromaji baada ya posti ya usiku

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumbani, tuongee leo juu ya mikro-ondi, ile mashini inayopasha chakula kwa dakika moja. Wengine wanaikimbia, wanasema inaleta ugonjwa. Mimi sikubali. Mashini nzima, yenye mlango unaofunga vizuri, haimchomi mtu aliye nje, na chakula hakibaki na mionzi ndani. Ninayemhofia ni yule anayewasha mbabula alfajiri ndani ya chumba kilichofungwa, sababu mvua inanyesha. Gesi ya makala haina harufu. Inaua watu katika usingizi.

Basi, kama nyumba iko na umeme na mashini, baba akitoka posti ya usiku na njaa, makala yapumzike. Chukua kipande cha mkate wa jana (wa leo unalegea mno), weka juu fromaji ya Goma iliyokatwa nyembamba, na kitunguu kidogo. Tumia sahani ya kioo au ya udongo. Sekunde 30 zinatosha mara nyingi. Fromaji ikianza kuyeyuka, toa. Ukizidisha, inakuwa mpira na mkate unakuwa jiwe. Kwangu mimi, kiazi kitamu kilichobaki jana ni kizuri kuliko mkate.

Lakini gameli ya chuma uliyotoka nayo kazini, usiiingize humo hata siku moja! Wala kijiko, wala karatasi ya alumini. Chuma kinatoa cheche, na cheche zinaweza kuwasha moto. Mfuko wa plastiki nao uache: mafuta ya fromaji yanapata moto sana, plastiki inayeyuka ndani ya chakula.

Tena kuna jambo watu wanalichukua kama mchezo. Mkate unaushika, ni vuguvugu tu. Fromaji juu yake inachemka, na inanata. Mimi niliuma kwa haraka, kaakaa likababuka, siku tatu sikugusa pilipili. Mimi ni mtu mzima. Mtoto wa miaka mitatu je? Mama, kata vipande, ngoja dakika mbili, onja wewe kwanza. Ikimwangukia mkononi, mwagia maji baridi yanayotiririka dakika 20. Usipake mawese wala dawa ya meno. Ngozi ikitoa malengelenge, mpeleke dispanseri siku ile ile.