Kifua kikuu kinapojificha tumboni

JINA lenyewe la ugonjwa huu limewapoteza wengi. Tumezoea kwamba kifua kikuu ni kikohozi na makohozi yenye damu. Mfugaji anayefikishwa hospitali ya rufaa ya Garissa akitapika, tumbo limefura, hajapata choo wala kutoa hewa kwa siku kadhaa, si rahisi kushukiwa kuwa nacho.

Lakini viini vyake humezwa pamoja na makohozi, husambazwa na damu, au huingia kwa maziwa mabichi ya mnyama mgonjwa. Aghalabu hutua pale utumbo mwembamba unapokutana na mpana. Ukuta huvimba, hufanya kovu, na njia hufinyika hadi kuziba. Kwa jumla ni chanzo adimu; ngiri na utumbo uliojisokota hutangulia. Hata hivyo, Kaskazini Mashariki, ambako maziwa ya ngamia hunywewa bila kuchemshwa, daktari asiyekikumbuka yumo hatarini kukosea.

Picha ya kifua yaweza kuwa safi, na makohozi yasionyeshe kitu. Uthibitisho hutokana na kipande cha nyama ya utumbo au tezi kinachopimwa maabara, kwani saratani hufanana nacho mno. Njia ikiwa haijaziba kabisa, mgonjwa huzuiwa kula, hupitishiwa mpira puani hadi tumboni, hupewa maji ya mshipa, kisha dawa: za aina nne kwa miezi 2, mbili kwa miezi 4. Wengi hupona bila kisu. Utumbo ukitoboka au kuziba kabisa, basi, kuchelewesha upasuaji ni kuua.

Kizungumkuti ni hiyo miezi 6. Mvua ikinyesha mbali, mifugo haingoji. Wajir ilikwisha kulijibu hili. Mwaka 1976, Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyesomea sheria wala si udaktari, alikabidhiwa mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani: wafugaji walipiga manyatta karibu na kituo, wakameza dawa mbele ya mhudumu hadi muda ukatimia. Aliuawa Borama, Somaliland, mwaka 2003.

Tangu 2013 hospitali hizi zimo mikononi mwa kaunti. Bajeti hupenda mashine, maana huzinduliwa kwa utepe. Mgonjwa wa Hulugho anayeruhusiwa kutoka wodini na vidonge vya mwezi mmoja anahitaji kwanza mahali pa kukaa.