Jina la Tovuti ni Amana



Mwalimu mmoja wa madrasa ametuuliza: madrasa yao yataka kufungua tovuti, wachague jina gani, na nani aliandikishe? Kwa kuwa jambo hili lawahusu wengi, twalijibu hapa.

Yafaa kwanza ifahamike kuwa kompyuta hutambuana kwa tarakimu. Mwaka 1983 mtaalamu wa Kimarekani, Paul Mockapetris, alibuni utaratibu wa kuyaoanisha majina na tarakimu hizo, ili watu wasilazimike kukariri nambari. Jina la namna hiyo ndilo liitwalo kikoa, na kila moja lina mwenyewe mmoja tu duniani.

Katika kuchagua, jina na liwe fupi. Herufi, tarakimu na kistari vyaruhusiwa, lakini kistari hakianzi wala hakimalizi jina. Tena sisi Waislamu tuna tatizo letu: maneno yetu ya Kiarabu huandikwa kwa namna nyingi. Huyu aandika madrasa, yule madrassa, wa tatu madrasah. Basi mtajieni mtu jina hilo kwa simu. Akiliandika sawasawa pasipo kuuliza, linafaa. Wala msichukue jina linalofanana na la wengine ili kuwavuta watu wao, kwani huo ni udanganyifu. Ama mwisho wa jina, .or.tz na .or.ke zimewekwa kwa jumuiya zisizo za biashara Tanzania na Kenya, na .org hutumika dunia nzima.

Sasa twafika penye hatari. Jina la tovuti halinunuliwi likawa mali ya milele. Hukodiwa kwa muda. Majina ya .com na .org hukodiwa kwa mwaka 1 hadi 10, kisha hulipiwa upya. Na mwenye haki nalo ni yule aliyeandikwa katika daftari la msajili, si yule aliyetoa mchango msikitini.

Twaijua madrasa moja ambayo jina lake liliandikishwa na kijana mwenye nia njema, kwa jina na baruapepe yake mwenyewe. Akahamia mbali, na ile baruapepe akaiacha. Barua za ukumbusho zikaenda pasipo wa kuzisoma. Muda ulipokwisha, jina likachukuliwa na mtu mwingine, akaweka humo matangazo ya kamari. Wazazi waliokuwa wakiwatafutia wana wao masomo ya Kurani wakajikuta mlangoni pa wacheza kamari. Hapana aliyeiba, ilikosekana hadhari tu.

Kwa hiyo twausia haya. Jina liandikishwe kwa jina la madrasa, na kwa baruapepe ya madrasa. Neno la siri lijulikane na watu wawili waaminifu. Tarehe ya kumalizika iandikwe katika daftari la kamati, na fedha ziwekwe mapema. Msajili wa .com na .org hupaswa kukumbusha yapata mwezi mmoja kabla, na tena wiki moja kabla. Jina likishafutwa, kwa kawaida mwenyewe hupewa siku 30 za kulikomboa kwa malipo ya ziada. Baada ya hapo aweza kulichukua yeyote.

Huenda wazee wakaona haya kumwambia kijana aliyejitolea kuwa jina lisiwe lake. Wasione haya, na kijana asiudhike. Aya ya 282 ya Sura Al-Baqara imeamrisha deni la muda liandikwe hata baina ya waumini, wala maandishi hayo si dalili ya kutoaminiana. Ni kinga ya pande zote mbili. Nayo Aya ya 58 ya Sura An-Nisaa yaamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Basi kijana aliyekwisha kuandikisha jina la msikiti au madrasa kwa jina lake, na alihamishe leo angali hai na mzima, kwani warithi wake huenda wasijue hata kuwa lipo.

Wabillahi tawfiq.